Nyumba Bila Ngano

Jumamosi, 1 Juni 1957

Nimerudi kutoka hospitali ya misheni. Mgongo unauma. Lori lilijaa viazi na watu, nikakaa juu ya gunia kama kuku. Mimba iko vizuri, daktari kasema. Mtoto anacheza.

Nilimuuliza lile lililonipeleka. Fanueli, mwanangu, ana siliaki, ugonjwa wa tumbo kukataa ngano. Je, huyu wa tumboni naye atakuwa nayo? Akakuna kidevu. Huenda. Huenda asiwe nayo. Hupita katika ukoo lakini haimpati kila mtoto. Na mimi nikila ngano sasa, nitamdhuru? Akasema hilo hakuna anayelijua, hata kwao Ulaya. Ni miaka michache tu tangu daktari mmoja wa Uholanzi aonyeshe kwamba ngano ndiyo inayowaumiza watoto hawa. Nile vizuri, nisijinyime. Ila siku Fanueli akirudi nyumbani asikute ngano. Mkate, chapati, andazi, biskuti, vyote mwiko. Mahindi, mchele, ndizi, mihogo, ulezi, maharage — ruhusa.

Nimeamua. Sili ngano mpaka nijifungue. Kama hakuna anayejua, heri kuacha.

Na kuna sababu nyingine. Naiandika kwa kuwa hapa hasomi mtu. Justa hali ngano. Justa ni dada yake Danieli mume wangu. Aliachika kwa kukosa mtoto, akarudi kwa mama yao Vudee, huko milimani, na tangu Januari ndiye anayekaa na Fanueli wangu. Danieli aliniambia siku ya Pasaka, tena kwa kujivuna: dada yake alikataa mkate wa arusi ya jirani, eti mtoto asimwone anakula kitu asichoruhusiwa. Vudee nzima inamsifu.

Mimi ndiye mama. Nimesoma mpaka sekondari, nimefundisha darasani. Sitashindwa na shangazi!

Jumatatu, 3 Juni

Nimesafisha nyumba. Unga wote wa ngano nimempa Mwanahalima jirani. Chekeche nimeichoma moto. Kibao cha chapati nimekisugua kwa majivu, kisha nikaona bado kina unga kwenye nyufa, nikakichoma nacho. Rafu nimezifuta na kuzikausha juani.

Nilipokuwa nasugua nilikumbuka jinsi nilivyomlisha Fanueli. Alipoanza kula nilimkatalia uji wa mahindi. Mtoto wa karani wa boma! Mkate uliolowekwa kwenye maziwa asubuhi, uji wa ngano jioni. Tumbo likavimba, mikono ikawa kama vijiti, choo cha kutisha. Nami nikazidi kumlisha mkate ili apate nguvu. Wageni nao, kila aliyekuja kumwona mgonjwa alileta mkate au biskuti. Nani huenda kwa mgonjwa na muhogo? Akienda Vudee kwa bibi yake anapona, akirudi hapa Same anaugua. Watu wakasema mtoto anakataa hewa ya tambarare. Wengine walisema mengine.

Danieli amerudi kazini akauliza mkate uko wapi. Nikamwambia hakuna mkate tena humu, kuna viazi vitamu. Akavitazama viazi kama vile vimemtukana.

Makubaliano yetu yapo palepale: mwisho wa mwezi huu Danieli atamleta Fanueli. Ndugu yake azaliwe yeye akiwa nyumbani kwao. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Nyumba iko tayari.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya gulio. Nilikwenda kwa akina mama wa Vudee wanaoshuka na ndizi. Eliakunda, anayekaa jirani na mama mkwe, alinipungia mkono toka mbali.

"Mtoto wa Justa amenenepa huyo! Mashavu haya! Jana kamkimbiza mbuzi mpaka kwenye shamba la watu."

Mtoto wa Justa.

Nikasema, ni Fanueli unayemsema? Akacheka. "Si ndiye! Tumezoea tu, mama. Kila aendako Justa yuko mgongoni. Anamchemshia makande yake peke yake, chungu chake peke yake, hata upawa wake. Yule dada ana mkono wa mtoto."

Nilinunua ndizi nisizozihitaji. Njiani nikawa nasema peke yangu kama kichaa. Kwangu pia sasa kuna chungu chake! Upawa wake ninao! Nani amekuja kuutazama?

Ijumaa, 7 Juni

Danieli ananywa chai kwa Kassimu, kwenye hoteli ile mbele ya stesheni. Hanifichi, lakini hasemi. Anarudi nyumbani na harufu ya mkate wa moto kwenye koti, kama wanaume wengine wanavyorudi na marashi ya mwanamke. Leo nilimkuta na chembe kwenye masharubu. Nilizitazama kwa wivu, sijui niliuonea wivu mkate au nilimwonea yeye.

Jioni Mwanahalima, mke wa Kassimu huyo huyo, alikuwa anakaanga maandazi uani. Mimba zetu zinalingana. Lakini yeye! Uso unang'aa, anakula kila kitu, na watoto wake watatu wanakula kila kitu, wanabiringika kama matikiti. Akaniita juu ya ua.

"Njoo shoga, kula hata moja. Ukilitamani ukanyimwa, mtoto atazaliwa anatiririka udenda mpaka shule."

"Na atiririke."

"Haya. Utamtafutia ndoo."

Nikacheka, lakini niliingia ndani nikafunga dirisha. Iliki ilipenya hata hivyo. Nimekula kiazi baridi nikiwa nimesimama.

Jumapili, 9 Juni. Pentekoste

Nimefanya jambo. Sijui kama ni jema.

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Nilikuwa nimejiandikisha wiki iliyopita kama kawaida. Mchungaji akaanza kuita, benchi zikaanza kusimama moja baada ya nyingine. Ndipo nikakumbuka — ule mkate ni ngano. Kipande chembamba, ndiyo, lakini ngano. Daktari hakuniambia niuache. Daktari hakuniambia niache chochote, kwa ajili yangu mimi. Lakini nilijiuliza: Justa angekula? Nikajibu mwenyewe: asingekula, na Vudee yote ingemsifu.

Benchi letu likasimama. Mimi nikabaki nimekaa.

Wanawake walilazimika kupita mbele ya magoti yangu. Mmoja alinigusa bega, akidhani nimesinzia. Nikatikisa kichwa. Danieli, upande wa wanaume, aligeuka mara moja tu, akatazama mbele tena. Nikabaki na watoto ambao hawajapata kipaimara, na yule kijana aliyezuiwa Mezani, aliye chini ya marudi kwa kumpa mimba binti wa watu. Naye alinitazama. Alinitazama kama ndugu!

Tulipofika nyumbani Danieli akasema, "Mkate wa Bwana, Mama Fanueli. Kipande kama ukucha." Nikamwambia ngano ni ngano. Akasema, "Watu hawajui habari za ngano. Watu wanajua aliyesimama na aliyekaa."

Jumanne, 11 Juni

Alikuja Mzee Sefania, mzee wa kanisa. Akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilijua hapo hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Miguu inakusumbua?" Akazunguka sana. Mvua, mahindi, miguu yangu tena. Mwisho akasema kwamba mtu akijizuia mwenyewe Mezani, kanisa hufurahi kwa kuwa moyo wake umeguswa; lakini ni vizuri aliseme linalomlemea, hasa mama mwenye mimba, kabla ya saa yake.

Nilimweleza habari yote. Ngano, siliaki, Uholanzi. Alisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akauliza, pole pole, "Na Danieli mnaelewana?"

Ndipo nikaelewa wanachofikiri. Mimba!

Nikasimama. Nikasema mimba ni ya mume wangu na tatizo ni unga. Akasema, "Sawa, mwanangu, sawa," kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mgonjwa wa malaria anayepayuka.

Alhamisi, 13 Juni

Gulio. Akina mama wa Vudee walinyamaza nilipofika. Eliakunda alinipimia ndizi bila kuniangalia, akaniongezea chane moja bure. Bure! Mtu humpa bure aliyefiwa.

Nikamshika mkono. Sema. Akasema habari ilifika juu Jumatatu. Mama mkwe hakupiga kelele, alisema tu mtoto hashuki mpaka mambo ya Same yatulie. Huwezi kumpeleka mtoto aliyepona kwenye nyumba yenye jambo.

"Na Justa alisemaje?"

"Justa? Alinyamaza. Alikuwa anamwogesha mtoto."

Alinyamaza! Naye angesemaje? Kimya kile ni cha mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. Usiniambie hakufurahi. Ningekuwa yeye ningefurahi.

Nyumba nzima nimeifuta ngano ili mwanangu arudi, na huko kuifuta ndiko kunakomzuia.

Jumamosi, 15 Juni

Danieli amepanda Vudee leo asubuhi kumweleza mama yake. Amevaa suti. Nilimfungia mchele wa Kihurio na sukari. Nikamwambia aseme kila kitu kwa mpangilio: kwanza daktari alichosema, kisha nilichoamua mimi, mwisho Meza ya Bwana. Akasema, "Ninakwenda kwa mama yangu, siendi mahakamani."

Alipita kwa Kassimu kabla ya lori. Nilimwona. Chai tu, nadhani.

Peke yangu leo. Mwanahalima ameniletea wali wa nazi, akaapa mara tatu kwamba sufuria haikugusa unga. Amenifanya nilie. Nilikuwa nimemchukia wiki nzima kwa sababu ya mashavu yake.

Jumatatu, 17 Juni

Danieli alirudi jana jioni. Mama yake amemwelewa, anadhani. Alicheka, akauliza shule gani ilimfundisha mkwewe kuogopa mkate wa Yesu. Lakini kuhusu Fanueli hakusema ndiyo wala hapana. "Tutaona."

Nikamuuliza Fanueli. Uso wa Danieli ukafunguka. "Alinirukia! Amekuwa mzito! Anajua kupanda mti wa mpera. Tulizunguka shambani sisi wawili tu, ananieleza majina ya mbuzi wote."

Sisi wawili tu. Mimi sijamwona tangu Aprili.

Nikauliza kama ananiulizia. Danieli akafikiri. Mume mwema angesema uongo. "Aliuliza kama Same bado kuna treni."

Alhamisi, 20 Juni

Eliakunda alikuja hadi nyumbani, hakungoja nifike gulioni. Fanueli anaumwa. Tangu Jumanne. Kuhara, kutapika, tumbo limevimba kama zamani. Mama mkwe anasema nipande.

Danieli hana ruhusa bomani mpaka Jumamosi. Nitakwenda mwenyewe kesho. Amesema na hali hii? Nimesema ndiyo, na hali hii.

Alikaa kitandani muda mrefu, kiatu kimoja mkononi. Nilidhani ni uchovu.

Ijumaa, 21 Juni. Vudee

Nimefika. Lori hadi Makanya, kisha miguu, taratibu, nikipumzika kila penye kivuli. Kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, wanaume walikuwa wanafungua maji ya mashamba. Mmoja akanisogezea jiwe nikae, akauliza, "Unapanda kwa Justa?" Hakuuliza kwa mama yangu mkwe, wala kwa mwanangu. Kwa Justa.

Fanueli amelala. Nimemshika tumbo. Ni lile lile. Ningelitambua kwa macho yaliyofumbwa.

Macho ya Justa mekundu. Amekonda. Aliniamkia vizuri, akanivua viatu, akaniletea maji ya moto ya miguu. Mama mkwe hakungoja hata maji yapoe. Akasema mtoto amelishwa. Jumapili Justa alikwenda naye kwenye ubatizo kwa jirani, na huko kulikuwa na mikate. "Nilimwambia amwache kwangu. Hakutaka. Anataka watu wamwone ana mtoto."

"Haki ya Mungu, wifi," Justa akasema. "Alikula makande niliyombebea. Sikumtoa mapajani."

Mama mkwe akasema — mbele yangu, mbele yake — "Mungu hakukosea alipokunyima."

Justa akachukua beseni, akatoka nje kumwaga maji.

Na mimi? Nilifurahi. Naandika kama ilivyo. Kabla sijamhurumia, kabla hata sijamwonea mwanangu uchungu, nilifurahi. Ameshindwa! Kumbe naye anashindwa!

Mama mkwe akanigeukia, sauti nyingine kabisa. Yale ya kanisani ameyaelewa, ni ujinga wa shule tu. Nimchukue mtoto wangu. Na Justa aliyekuwa ashuke kunisaidia nikijifungua, asishuke. Atanitafutia mtu mwingine.

Jumamosi, 22 Juni

Fanueli ameamka vizuri zaidi. Amekunywa uji wa ulezi. Amenitazama sana.

Mchana Justa alikwenda kuteka maji. Nilikuwa nimemlaza Fanueli mapajani, kile kilichobaki cha mapaja, tumbo limechukua nafasi yote. Aliligusa akauliza kama yumo mtu. Nikasema yumo. Akafikiri. Kisha akanivuta sikio.

"Baba aliniletea biskuti. Paketi nzima. Akasema nile moja moja, na nisimwambie mama."

Nikauliza, mama yupi?

"Mama." Akaonyesha kwa kidevu njia aliyokwenda Justa. "Nilizificha kwenye gogo la mzinga. Zimekwisha. Na wewe usimwambie, Mama wa Same."

Nimekwenda kulitazama gogo. Karatasi imo. Ni za kwetu Same, zile anazouza Kassimu hotelini.

Danieli na kile kiatu mkononi! Alijua. Baba hawezi kupanda Vudee mikono mitupu. Mchele ni wa mama, sukari ni ya mama, mtoto je? Alitaka arukiwe.

Jumapili, 23 Juni

Ibada imekwisha. Nimejifanya nimechoka, nimebaki chumbani. Sebuleni wamekaa: mama mkwe, baba mdogo Melkizedeki, Eliakunda na mumewe. Mtoto aliyelelewa hakabidhiwi kimya kimya, lazima washuhudie, na aliyemlea aseme alimlea vipi. Danieli hajafika. Alisema angekuja jana.

Nimekuwa nikipanga tangu alfajiri. Nikisema: Justa anatoka safi. Mama mkwe atameza neno lake, japo neno kama lile halimezeki. Lakini watasema Same ndiko kwenye hatari, baba mwenyewe hawezi kujizuia, mtoto abaki. Na Fanueli atajua kwamba siri ya kwanza aliyonipa niliitangaza mbele ya watu.

Nikinyamaza: leo hii nashuka naye. Usiku analala kwangu, chungu chake kiko tayari.

Nasikia kila kitu, ukuta ni mwembamba. Melkizedeki anamuuliza Justa taratibu, alimpa nini mtoto? Kisha Justa: "Sijui, baba mdogo. Labda upawa. Labda niliazima upawa wa mtu nikasahau. Labda ni mimi."

Labda ni mimi! Hakuna upawa, wifi. Hakuna upawa wowote.

Fanueli amekaa kitandani karibu yangu, anavuta uzi wa blanketi. Hajui wanachosema. Au anajua.

Justa amefungua mlango. Ana furushi mkononi. Anasema wananingoja. Anasema amefunga ndizi za kuchoma na muhogo vya njiani, na nikifika Makanya niwe macho sana, kwa kuwa mtoto huyu anapendwa na watu watataka kumpa vitu. Nisimwachie mtu, hata ndugu.

Ananifundisha! Mimi niliyekaa mbele ya daktari!

Nimemwambia nakuja, namaliza mstari. Hajaondoka. Amesimama hapo mlangoni na furushi lake, anangoja nimalize. Nikiinua macho nitamwambia. Kwa hiyo naandika